Kutua kwa Kishindo na Hukumu za Haraka



Mchana wa tarehe 17 Januari 2008, ndege ya British Airways iliyotoka Beijing ilikuwa inakaribia kutua katika uwanja wa Heathrow, London. Ilikuwa Boeing 777 yenye watu 152: abiria 136 na wafanyakazi 16. Safari ndefu ilikuwa imefika mwisho na watu wamekwisha kufunga mikanda. Ilipobaki kama futi 720 kutoka ardhini, yaani meta 220 hivi, injini ya kulia ilipungua nguvu. Sekunde saba baadaye ikafuata ya kushoto. Mitambo ikaomba nguvu zaidi, marubani nao wakaomba, lakini injini hazikuitika.

Usukani ulikuwa mikononi mwa rubani msaidizi, John Coward. Rubani mkuu, Peter Burkill, alikuwa na sekunde chache tu za kuamua la kufanya. Alivirudisha juu kidogo vile vibawa vya nyuma ya mabawa ambavyo huteremshwa wakati wa kutua, ili ndege isikokotwe sana na hewa. Ndege ikajibwaga kwenye nyasi, ndani ya ua wa uwanja, meta 330 hivi kabla ya kufika kwenye lami. Magurudumu ya kulia yaling’oka, ya kushoto yakasukumwa juu hadi kwenye bawa, na ndege ikaserereka mpaka ikasimama pale lami inapoanzia. Mafuta yalivuja lakini hayakuwaka. Abiria mmoja alivunjika mguu, wengine wakapata majeraha madogo. Hakufa mtu hata mmoja.

Nimeirudia habari hii kwa sababu ya yale yaliyofuata baada ya abiria kutoka. Zilianza chunguzi mbili kwa wakati mmoja. Mmoja ulifanywa na wataalamu, mwingine ukafanywa na midomo ya watu. Naamini sisi tulio seminarini na parokiani tunaujua vizuri sana ule wa pili, na tuna haja kubwa ya kujifunza ule wa kwanza.

Uchunguzi wa midomo ulikuwa na majibu mapema. Wapo waliosema ndege iliishiwa mafuta. Wapo waliokumbuka kwamba siku hiyo Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule, Gordon Brown, alikuwa anasafiri kupitia Heathrow, wakasema mitambo ya ulinzi katika msafara wake ndiyo iliyovuruga injini. Kwanza marubani walisifiwa kama mashujaa. Kisha, miongoni mwa watu wa kazi ile ile, ukaanza mnong’ono kwamba rubani mkuu alipigwa na butwaa, kwamba hakufanya lolote, kwamba ni mwenzake aliyeokoa watu. Uchunguzi ulikuwa unaendelea, naye hakuwa na nafasi ya kusimama hadharani na kujieleza. Mwaka 2009 aliacha kazi. Alipotafuta kazi kwingine, hakuipata. Yeye mwenyewe na mkewe wamesimulia jinsi miaka ile ilivyoiumiza nyumba yao.

Uchunguzi wa wataalamu ulichukua zaidi ya miaka miwili. Idara ya Uingereza inayochunguza ajali za ndege ilitoa taarifa yake ya mwisho Februari 2010. Mafuta yalikuwemo ya kutosha, na yalikuwa safi kwa viwango vinavyokubalika. Msafara wa waziri mkuu haukuhusika. Kilichotokea ni hiki: mafuta ya ndege siku zote huwa na maji kidogo sana ndani yake. Ndege ilipita katika anga yenye baridi kali, na mafuta yakashuka hadi nyuzi 34 chini ya sifuri. Maji yale yakawa barafu laini iliyojishika ndani ya mabomba saa baada ya saa, bila dalili yoyote mbele ya macho ya marubani. Wakati wa kutua, injini zilipohitaji mafuta mengi kwa ghafla, barafu ile ilibanduka, ikaenda kuziba kifaa kinachopasha mafuta joto kabla hayajaingia kwenye injini. Mafuta yakapita kidogo kidogo tu.

Na rubani aliyesemwa kwamba hakufanya lolote? Wachunguzi waliona kwamba kule kurudisha vibawa kuliisogeza ndege mbele kwa kama meta 50, na kwa hiyo ikavuka mitambo ya antena iliyosimama kabla ya lami. Wafanyakazi wa safari ile walipewa nishani ya usalama ya shirika lao. Mwaka 2010 Burkill alirudi kazini. Lakini ile miaka katikati hakuna aliyeweza kumrudishia.

Tukiishia hapo tutasema tu, “Masikini, walimwonea.” Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Novemba 2008, wakati uchunguzi wa Heathrow ukiendelea, ndege nyingine ya Boeing 777, yenye injini za aina ile ile, ilikuwa inatoka Shanghai kwenda Atlanta. Ikiwa juu angani nchini Marekani, injini yake moja ilipungua nguvu, kisha ikarudi. Ilitua salama. Tukio hilo liliwasaidia wachunguzi kuhakikisha kwamba tatizo lilikuwa kwenye kifaa kile, na kifaa kikabadilishwa umbo katika ndege za aina hiyo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kama jibu la midomo lingekubaliwa, kwamba rubani ndiye mbovu, basi rubani angefukuzwa, watu wangeridhika, faili lingefungwa. Na barafu ingeendelea kujishika ndani ya mabomba ya ndege nyingine, zenye marubani wengine na abiria wengine. Hukumu ya haraka humwumiza anayehukumiwa, na pia huacha chanzo cha kweli pale pale kilipo, kikimsubiri mtu mwingine.

Ndiyo maana mataifa yalikubaliana juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza linaweza kumshangaza mtu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa usafiri wa anga wa mwaka 1944, kinasema lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama si kazi ya uchunguzi huo. Kama kuna jinai, mahakama zipo na zina njia yake. Lakini anayetafuta chanzo hatakiwi kuanza na swali la “nani?” Anaanza na “ilikuwaje?”

Sisi tunaanzia wapi? Wengi wetu tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, na miongoni mwao marubani wote wawili. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao, wakaokoa watu. Wengine wetu tuliwahi kwa simu. Kabla marehemu hawajaagwa, tayari kulikuwa na watu waliojua rubani alipaswa kufanya nini, wakati wao hawajawahi kukaa hata kwenye kiti cha nyuma cha ndege. Marubani wale walikuwa na familia zao, na familia hizo pia zilikuwa na simu.

Nisiwanyoshee kidole wengine. Naomba nisimulie kosa langu.

Nilipokuwa frateri katika mwaka wa pili wa falsafa, mwenzetu mmoja wa darasa aliondoka katikati ya muhula. Asubuhi alikuwepo kwenye Misa. Mchana kitanda chake kilikuwa kitupu. Walezi walisema tu kwamba amekwenda nyumbani, tumwombee. Hatukumwombea. Kufika Masifu ya Jioni tulikuwa na maelezo matatu kuhusu kuondoka kwake, na yote matatu yalikuwa na mwanamke ndani yake. Mimi nilichukua moja, lile lililonoga zaidi, nikamtumia ujumbe jamaa yangu mmoja aliyekuwa akiishi katika parokia ya mwenzetu huyo. Nilimalizia na maneno, “Usimwambie mtu.” Kila msomaji anajua maneno hayo huwa yanafanya kazi gani.

Ukweli ulikuwa kwamba baba yake alipata kiharusi. Yeye ni kifungua mimba, wadogo zake walikuwa bado shule, na hapakuwa na mtu wa kulima wala wa kumgeuza mzee kitandani. Aliomba ruhusa ya mwaka mmoja, akapewa. Mwaka ulipokwisha hakurudi. Na sisi tukasema, “Si mnaona? Tulisema.”

Mwaka uliofuata aliondoka mwingine. Huyu mama yake alikuwa mgonjwa, na ada za wadogo zake zilikuwa zimekwama. Baada ya huyo wa pili ndipo mlezi mmoja akaanza kumwita kila mmoja wetu na kumwuliza taratibu: kwenu hali ikoje? Nani anawatunza wazazi? Unalala usingizi? Tuligundua kwamba darasani mwetu walikuwapo wanne au watano waliobeba mzigo kama ule kimya kimya, na hakuna aliyethubutu kuutaja. Wangethubutuje? Walikuwa wameona tulivyomfanyia wa kwanza. Sisi tulikuwa tumeshafunga faili lake kwa neno “mwanamke,” na chanzo chenyewe kikabaki ndani ya nyumba.

Waswahili wana msemo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo wenye hekima ukiutumia kujiandaa, lakini sisi tumeugeuza kuwa kibali cha kusambaza lolote. Siku ile Heathrow ilisemwa kwamba mafuta yaliisha. Hayakuisha. Ilisemwa kwamba rubani alibutwaa. Hakubutwaa. Darasani kwetu ilisemwa kuna mwanamke. Hakuwepo. Yaliyosemwa hayakuwepo, na hayakuja.

Kanisa halikutuacha bila mwongozo. Tunapojifunza amri ya nane, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477 na 2478, inatufundisha kwamba hata kukubali moyoni tu, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani ametenda ovu, ni dhambi dhidi ya jina lake jema. Inatutaka tuyapokee maneno na matendo ya mwenzetu kwa upande wa wema kadiri inavyowezekana, na kama hatujaelewa, tumwulize. Papa Fransisko alirudia mara nyingi kwamba umbea ni kama ugaidi: mtu anarusha bomu, kisha anaondoka zake. Nadhani sote tumewahi kuyasikia mafundisho haya. Shida ni kwamba tunayaungama mara moja kwa mwaka kwa maneno “nimesengenya,” kisha tunarudi kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Najua kuna msomaji ambaye hapa amekunja uso, naye ana haki. Atasema: Padre, maneno haya ya “tusihukumu haraka” tumeshayasikia, na kwa maneno hayo hayo watoto waliumizwa ndani ya Kanisa na wakubwa wakanyamaza. Anasema kweli, na lazima ajibiwe.

Subira ya uchunguzi na ukimya wa kuficha ni vitu viwili vinavyopingana. Wachunguzi wa Heathrow hawakufukia ndege ile wala kuwaambia watu wasahau. Walisoma kumbukumbu za safari dakika kwa dakika, wakazijaribu sababu moja baada ya nyingine, kisha wakaandika kila kitu na kukitangaza kwa dunia nzima. Tena, kabla ya hayo yote, abiria walitolewa ndani ya ndege. Hakuna aliyesema wangoje ndani mpaka sababu ijulikane. Vivyo hivyo, penye mtoto au mtu mnyonge aliyeumizwa, la kwanza ni kumtoa kwenye hatari na kutoa taarifa mahali panapohusika, kwa wakubwa wa Kanisa na kwa vyombo vya dola, siku hiyo hiyo. Hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, Vos estis lux mundi, inawawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa. Kutoa taarifa kwa anayehusika si umbea. Umbea ni kumpa habari mtu asiyeweza kufanya lolote nayo isipokuwa kuipitisha kwa mwingine.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuanze na swali la “ilikuwaje?” Paroko akichelewesha taarifa ya mapato, halmashauri ya walei imwulize kwenye kikao, na ajibu kwa vitabu. Kumwuliza ni haki yao na kujibu ni wajibu wake. Mtu akiacha kuja jumuiyani, mwenyekiti abishe hodi kwake kabla ya kumjadili. Maswali yakiulizwa mahali pake, midomo hukosa kazi.

Pili, tufanye iwe rahisi mtu kusema mwenyewe kosa lake. Katika usafiri wa anga, ndege ikitua kwa kishindo kuliko kawaida, rubani anaandika kwenye kitabu cha ndege, na mafundi wanaikagua kabla haijaruka tena, hata kama abiria wameshuka wakicheka na kwa macho haina hata mkwaruzo. Ufa unaweza kuwa ndani. Rubani akijua kwamba akiandika ataaibishwa, atashawishika kunyamaza, na kesho ndege yenye ufa itapaa na watu wengine. Walezi wenzangu, tujiulize: frateri wetu akitua kwa kishindo, akiwa ameanguka katika kishawishi, au ameanza kunywa, au amekosa imani usiku na haoni tena kwa nini yuko hapa, anaweza kumweleza nani bila kuisikia habari hiyo kesho yake mezani? Kiongozi wa kiroho na kiti cha kitubio vipo kwa ajili hiyo. Lakini kijana aliyezoea kusikia majina ya wenzake yakitafunwa wakati wa chakula hataamini kwamba kuna mlango wowote unaofungwa kweli. Atajifunza kuonekana mzima. Atapata daraja takatifu akiwa anaonekana mzima, na ufa utajulikana parokiani, mbele ya watoto na wazee wa watu.

Tatu, turudishe tulichochukua. Katekisimu, namba 2487, inasema aliyeharibu jina la mwenzake anawajibika kulipa fidia, hata kama amekwisha kusamehewa. Aliyeiba ng’ombe hawezi kuungama na kubaki na ng’ombe zizini. Na jina la mtu ni zaidi ya ng’ombe.

Hili la tatu ndilo lililonigharimu. Miaka sita baada ya kuondoka kwake, nikiwa nimekwisha kupewa upadre, nilimpigia simu yule mwenzangu. Nilimweleza nilichoandika, na nilimwandikia nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nilijua, Padre. Mama aliambiwa sokoni.” Nikamwomba msamaha. Akanisamehe palepale, bila kunizungusha. Halafu akaongeza, “Mimi umeshaniambia. Sasa waambie wale uliowaambia.”

Nilifunga safari. Nilikwenda kwa jamaa yangu, nikamweleza kwamba niliandika uongo, nikamwomba aende nami kwa wale aliowapitishia. Tuliwapata watatu. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Mwingine alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kumbe! Na mimi niliwaambia wengine,” na wala hakukumbuka ni akina nani. Mama yake nilimkuta nyumbani, anapepeta mchele. Alinikaribisha uji. Nilipomaliza kusema, aliniuliza swali moja tu: kwa nini sikumpigia simu mwanawe siku ile ile alipoondoka, nikamwuliza kuna nini.

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, kama kuna mtu ambaye wiki hii umesikia habari zake na hujamwuliza mwenyewe, namba yake unayo.